Tundu la Pasi

Mjukuu wangu Zuhura,

Sisi huku Gitega wazima, na babu yako bado anabishana na redio. Unauliza kwa nini nimekubali daktari aitoe saratani yangu kwa kupitia njia ya haja kubwa, bila kunipasua tumbo. Unaona upasuaji huo ni mdogo mno kwa saratani.

Mwaka wa tisini na moja nilikuwa najifunza ushonaji kwa Fundi Sudi, mtaa huu huu. Mengine ya miaka ile nayaacha. Ninachokipenda ni ile harufu ya mkaa wa pasi, na vyerehani vikishindana tangu asubuhi. Siku moja cheche ya pasi ikatoboa koti la bwana harusi. Kwa hofu nikashika mkasi nifumue upande mzima.

"Weka chini!" Fundi akasema. Akaligeuza koti, akakagua bitana. "Moto haujafika huku. Ungefika, ningefumua mwenyewe." Akachomoa nyuzi chache kwenye pindo, akaliziba tundu kwa sindano.

Daktari naye amekagua kwanza. Uvimbe ni mdogo, haujazama. Akiutoa utapimwa, na ukionekana umezama, nitapasuliwa tumbo. Hilo nalo nimelikubali. Naogopa, sikufichi. Lakini nimempata anayetazama kabla ya kukata.

Koti lenyewe liko kabatini. Bwana harusi yule ni babu yako, na hadi leo hajui kama lilitoboka. Ukija likizo tulitafute hilo tundu pamoja. Mimi mwenyewe silioni tena.

Bibi yako,
Mwajuma