Lita Nane za Tanki la Kushoto

Nguba, Bukavu
Jumapili ya Pentekoste, tarehe 8 Juni 2025

Mpendwa yaya Constantin, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Mélanie, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Sisi tunapumua. Mvua zimekwisha, vumbi limeanza, na mume wangu Mugisho amekonda lakini haumwi popote.

Kabla ya yote, nibusie mwanangu Chancelle. Alikuja kwenu Kalemie kwa Noeli, akashikwa na malaria, tukakubaliana abaki hadi apone. Alipopona, vita vilikuwa vimefunga barabara na uwanja wa ndege pia. Juzi kwenye simu aliniambia meno mawili yameng'oka, kisha akaniuliza kama nikiwa karibu nina sauti hii hii. Nikasingizia mtandao.

Haya ninayokuandikia siwezi kuyasema kwa simu, maana simu zinasikilizwa. Barua anaibeba Maman Fabiola, tunayesali naye, ndani ya kitenge chake. Paspoti yake ingali hai, kwa hiyo atazunguka kupitia nchi za jirani. Zetu zilikwisha muda, na ofisi ya kuzitengeneza imefungwa. Ukishasoma, choma.

Unaikumbuka ndege ya Mugisho. Ulipokuja mara ya mwisho ulicheka hadi ukatoa machozi, mtu mzima anajijengea ndege nyuma ya jikoni. Miaka sita majirani wamekuwa wakimtania wakipita langoni: "Papa Mugisho, tutaruka siku gani?" Naye huwajibu bila kuinua kichwa: "Mungoje rangi ikauke."

Sasa hakuna anayetania. Mwezi uliopita wanaume wawili wenye silaha walikuja kuuliza habari za mafundi wa ndege kama yeye, nani anaishi wapi. Wiki mbili zilizopita wakarudi, na safari hii walikuwa na jina lake kwenye karatasi. Mimi ndiye niliyetoka mlangoni nikasema amekwenda Kalehe kwenye msiba. Yeye alikuwa amelala kifudifudi chini ya bawa, ndani ya banda, akinisikia ninavyodanganya. Mbele yetu ziwa, nyuma vizuizi, na muda wa kukaa chini ya bawa si mrefu. Ameamua kuruka aje kwako.

Ndege ina viti viwili, na tangu siku ile sisi tulikuwa wawili. Nilishaanza kufungasha. Nilimshonea Chancelle sare ya shule, nikaipunguza mikono kwa kubahatisha, kwa kuwa sijui amekua kiasi gani.

Tatizo limetoka kwenye jauge, vile vipimo vya mafuta, na limetoka mikononi mwangu. Zamani kila tanki lilikuwa na kipande cha kizibo kinachoelea ndani na waya uliotokeza juu ya kifuniko. Waya ukizama, ujue mafuta yanaisha. Lakini ukiwa umekaa huwezi kuuona bila kujinyonga shingo. Mugisho akaamua kuboresha: akatoa maboya kwenye magari mabovu, akayafunga ndani ya matanki, akavuta nyaya hadi kwenye sindano mbili mbele ya rubani, ya kushoto na ya kulia. Kazi ya kuweka alama za lita akampa mwalimu wa fizikia, ndiye mimi.

Bawa la kulia, na tanki lake ndani, tulilipima bandani. La kushoto tulilipima salon, pale sebuleni, juu ya meza, kwa sababu siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha na banda linavuja. Yeye anamimina lita moja moja, mimi naweka alama kwa kalamu nyekundu. Nilisahau kitu kimoja tu. Fundi aliyetandaza sakafu ya salon aliilaza kuelekea mlangoni ili maji ya kudeki yatoke yenyewe. Nyumba ngapi za Bukavu ziko hivyo? Miaka kumi na miwili meza ya kulia chakula imewekewa ubao chini ya mguu mmoja, hadi hatuoni tena kwamba tunaishi tumeinama. Na siku ile, ili bawa lipate nafasi, tuliisogeza meza, ubao tukauacha pale pale. Mafuta yakakimbilia upande usio na boya, na mimi nikaendelea kuandika namba zangu nzuri.

Niligundua siku ya Kupaa Bwana. Nilikuwa nadeki, maji yakaenda mlangoni bila kusukumwa, nikasimama na tambara mkononi. Nikaenda bandani peke yangu. Sindano ya kushoto ilisema lita ishirini na nne. Nilipopima kwa fimbo nikapata kumi na sita.

Kaka, kwa siku tisa nilinyamaza. Nakuandikia hili kwa aibu, lakini nataka mtu mmoja alijue. Kuja Kalemie wawili kunahitaji lita arobaini. Mmoja, thelathini na nne. Kwa namba zangu za kalamu nyekundu tulikuwa na arobaini na nne. Kwa kweli tulikuwa na thelathini na sita. Mafuta ambayo injini ile inayakubali yalikuwa yanaingia kwa njia ya uwanja wa ndege. Yale ya chupa pale Nyawera yamechanganywa na mafuta ya taa, yanaizima. Kwa hiyo nikiyasema, kiti changu kimekwenda. Nisiposema, tutaanguka pamoja katikati ya misitu huku sindano ikituambia bado. Na kuna asubuhi, Mungu anisamehe, nilijiambia labda fimbo ndiyo imekosea.

Jana nilimwambia. Hakunigombeza. Alikaa juu ya ndoo akatazama mikono yake, kisha akasema: "Adé, lete bomba ya maji. Tupime tena bien."

Tukaisawazisha ndege kwa bomba lile la plastiki ambalo maji husimama sawa kwenye ncha zote mbili, tukamwaga mafuta yote ya tanki la kushoto kwenye chupa, tukahesabu. Kumi na sita. Tukayarudisha lita moja moja, nikaandika alama mpya. Alipomaliza kufunga kifuniko akasema: "Mimi siendi bila weye." Nikamjibu: "Utaenda. Bale ba silaha bako na jina yako, yangu hapana. Na mutoto anangoja mutu."

Sindano zote mbili sasa zinasema kweli, na sina tena kitu cha kumzuilia.

Maman Fabiola anahesabu siku sita njiani. Mugisho ataruka asubuhi ya Jumatano, tarehe 18, kutoka mahali nisipopataja. Tafadhali tandika mashuka meupe kwenye uwanja ule wa mpira nyuma ya parokia yenu, uweke mtu wa kufukuza mbuzi. Atafika na lita mbili, hawezi kuzunguka kutafuta. Ukimwona, mpe chai kwanza, maswali baadaye.

Kwenye kiti changu nimefunga mkanda juu ya ile sare ya shule. Kama mikono ni mifupi, wifi Mélanie aifumue. Niliacha nguo ya kutosha kwenye pindo.

Msalimie Josué na mkewe, na Mama Colette anayemsuka Chancelle nywele. Bwana awafunike nyote kwa mkono wake, na siku hiyo awape anga tupu.

Mtoto ataona viti viwili, namjua, anahesabu kila kitu. Akikuuliza, mwambie mama alihesabu pia, mara nyingi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Adélaïde