Nimemsomea Bibi Ahadi za Vyama

Mdogo wangu,

Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Bibi ninayemtunza haoni tena vizuri, basi leo nimemsomea ahadi za vyama kuhusu sisi wageni. Chama cha kwanza kitatufukuza wote. Cha pili kitatuacha tufanye kazi, mradi tusilete ndugu. Cha tatu kitaunda tume, yaani porojo tupu.

Bibi akachagua cha kwanza. "Wageni wamezidi mno," akasema.

"Na mimi, bibi?"

Akacheka, akanishika mkono. "Wewe si mgeni, mjukuu wangu. Nani ataniogesha?"

Cherehani uliyotaka kuuza upate nauli ya kuja, usiiuze.

Kituo cha kura kiko juu mlimani, naye hutembelea kiti cha magurudumu. Kesho mimi ndiye wa kumsukuma.

Dada yako