Mkono Uliokaa Mfukoni

Mtani wangu Sefu,

Sijui barua ya marehemu hupelekwa wapi, lakini naandika. Tangu tukuzike sijalia. Naamka, nakwenda korona, kiwanda chetu cha katani, nalisha mashine majani ya mkonge, narudi, nalala. Jana mnyapara aliniuliza kama naumwa. Nikamjibu sijambo, nikakukumbuka wewe mbele ya daktari.

Mashine ya korona ilipokukamata mkono wa kulia haikuukata. Iliuacha mzima wa kutazama, vidole vimekufa. Ukaanza kutembea umeutia mfukoni, nami nikakupa jina la Karani, kama bwana wa ofisini, maana Mnyamwezi hawezi kumwacha Mzigua apite hivi hivi. Ulicheka. Mtu mwingine angethubutu, ungempiga kwa huo mmoja uliobaki.

Siku ya kupimwa kwa ajili ya fidia nilikusindikiza Tanga, nikachungulia mlangoni. Ulivaa shati jeupe na ile kofia ya Idi. Daktari akakuuliza hali, ukasema, "Sijambo, bwana, alhamdulillahi." Akakwambia uinue birika. Ukalibeba kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukaushikiza tu ubavuni mwake, upesi upesi, ukalitua. Akaandika kwamba mkono una kasoro ndogo na kazi unaiweza. Njiani nilikutukana matusi yote ya utani na mengine yasiyo ya utani. Nawe ukanijibu taratibu:

"Mtani, nimwonyeshe mgeni aibu yangu?"

Ukakubali kukata rufaa kwa sababu ya watoto tu. Tukawa tunangoja daktari wa pili. Homa ikakuwahi.

Sasa nikwambie la matanga. Wazee wenu waliniita nifanye kazi yangu, mtani amwigize marehemu watu wapumue. Mwili ulikwenda wenyewe, mimi sikuwamo. Nikavaa shati lako, nikapita na mkono mfukoni, wakacheka. Nikaketi penye sinia nikasema, "Nimeshiba," wakacheka hadi wakashikana, maana hukuwa na neno jingine siku zako za mwisho kila ulipokaribishwa kula.

Kisha nikageukia ukuta, nikala kwa mkono wa kushoto.

Najua uliniomba. Siku ile nilipokufuma jikoni peke yako ukila hivyo ulisema nisimwambie mtu, hata mkeo Mwanaidi. Sikusema kitu, Sefu. Lakini nilipokuwa wewe, mkono wa kulia ulikataa kutoka mfukoni, na wali ulikuwa mbele yangu. Kicheko kikakatika. Mkeo alikuwa kwenye kizingiti cha chumba pamoja na wanawake. Akasema, si kwa sauti kubwa:

"Mimi nilidhani amekinai chakula changu."

Hapo ningelia, kama machozi yangekuja. Hayakuja. Nikavua shati, nikalikunja, nikampa mama yako.

Baada ya matanga wito ukafika, uende Tanga kwa daktari mwingine. Karani wa shamba akauliza huko ofisi ya fidia, wakamjibu kwamba rufaa haijafa, haki ikipatikana ni ya watoto, ila aende mtu anayeujua ule mkono akaeleze. Mwanaidi yumo edani, hatoki. Ndugu zako wote uliwaficha. Amenituma mimi, na lile shati amenirudishia, amelifua na kulipiga pasi.

Nitakwenda. Sina Kizungu na maneno ya kitabibu siyajui, kwa hiyo sitaeleza. Nitaomba sahani ya wali. Kama hawana nitabeba kutoka kwa Mwanaidi. Nitaketi sakafuni mbele ya bwana daktari na shati lako mwilini, nitasema nimeshiba, kisha nitageukia ukuta. Nakuahidi nitakuigiza kama ulivyokuwa, bila kuongeza kitu cha kuchekesha.

Utaona haya, najua. Ona haya, watoto wapate kula.

Kwaheri, Karani. Utoe mkono mfukoni sasa, huko hakuna mgeni.

Mtani wako,
Kasanda