Jina Uliloniuliza, Baba

Greyville, Durban
Mwezi wa sita, 2012

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na Mama. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako na kile kikohozi cha masika kimekuachia. Mguu wa Mama je? Bado anaukanda kwa maji ya chumvi, au mmeshampeleka kwa masista? Mimi mwili ni mzima. Kinyozi hakosi vichwa, hata baridi ya huku ikianza.

Barua yako niliipata kwa mkono wa Mama Furaha, yule mfanyabiashara wa vitenge. Ni wiki ya tatu sasa, na sikukawia kujibu kwa dharau. Uliniuliza jambo moja tu: ni kweli kwamba Wakongomani wa ng'ambo ndio waliowaambia Waamerika wasinunue tena mawe yetu ya madini? Na kama namjua mmoja wao, nikupe jina lake, wachimbaji wenzako wa mlimani walijue. Namjua, Baba. Lakini kabla ya jina, nisikilize mambo yalivyokuja.

Unakumbuka mwaka 2008 watu wa huku walitufukuza sisi wageni, nikalala wiki nyingi kwenye ukumbi wa kanisa. Niliporudi kwenye kiti changu cha kunyolea, mteja wangu wa kwanza alikuwa Mkenya, jina lake Wafula, mwanafunzi wa chuo kikuu anayekaa kule juu Berea. Hakuogopa kuonekana kwetu, na hivyo ndivyo tulivyopatana. Alikuwa anaandika tasnifu yake juu ya Amerika katika miaka kumi ya kwanza ya karne hii. Kila Jumamosi nikimnyoa alinisimulia: minara miwili ilivyoangushwa kwa ndege, vita walivyopeleka Afghanistani na kisha Iraki wakitafuta silaha ambazo hazikuwepo, mabenki yao yalivyoporomoka na watu wakatolewa nje ya nyumba zao. Unajua mimi shule niliiachia njiani. Kwa Wafula nilijiona nasoma tena.

Siku Waamerika walipomchagua Rais mweusi, mwenye baba Mkenya, tulifungua duka la kinyozi saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya televisheni. Wafula alilia bila kujificha, nami nililia. Nikakupigia simu. Ulicheka ukasema, "Labda huyo atatuondolea askari barabarani." Maneno yako niliyashika kama sala.

Mwaka uliofuata Wafula alikuja na mwanamke wa Kiamerika, Susana, aliyekuwa akizunguka kukusanya habari za wakimbizi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka kinasa sauti juu ya meza ya mashine zangu. Aliuliza kwa Kiingereza, Wafula akatafsiri. Nilimweleza jinsi askari wa bariyeri, wale wanaofunga barabara, wanavyochukua fungu lao katika kila gunia. Nilimweleza jinsi Baba Mdogo Safari alivyokataa kutoa gunia lake, wakampiga mpaka akafa pale pale barabarani. Nilikuwa sijawahi kumweleza mtu. Susana alifuta machozi, akaniomba anipige picha, nami nikakubali na kukaa vizuri.

Mwishoni nikasema hivi, na nakuapia mbele ya Mungu: "Waambie wakubwa wenu watuondolee askari. Lakini mawe waendelee kununua, maana baba yangu na watu wake nane wanakula kwa hayo mawe."

Wafula akamgeukia Susana na kutafsiri. Nilivyoona mimi, maneno yangu marefu yamekuwa mafupi. Nikamwuliza, "Umesema yote?"

"Sharp, ndugu yangu," akajibu, yaani sawa, kama wasemavyo huku. "Nimesema yote."

Mwaka 2010 Wafula aliingia dukani na gazeti mkononi. Waamerika walikuwa wametunga sheria kubwa ya kuyatia adabu mabenki yao, na huko nyuma, karibu na mwisho wake, wakaweka kurasa chache juu ya mawe ya Kongo. Kampuni zao zitatakiwa kueleza mawe yametoka wapi. Rais wetu yule wa asubuhi ile ndiye aliyetia sahihi. "Sauti yako imefika, Amani," Wafula akaniambia. Wateja wote waliokuwepo siku hiyo niliwanunulia soda. Nilijiona mtu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Kwanza serikali yetu yenyewe ilifunga machimbo. Ilipoyafungua, wanunuzi wakakataa kugusa jiwe lolote la kwetu Kivu, maana kukataa kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Uliniambia magunia yanalala stoo na watu wako wanauza koleo zao. Siku Wafula alipokuja kunisimulia jinsi yule mkubwa wa magaidi aliyetafutwa kwa ajili ya minara alivyouawa huko Pakistani, ndiyo siku Mama alipopiga simu kwamba dada yangu Riziki amerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa karo. Baadaye ikaja ile simu ya habari za Bahati, kwamba mdogo wangu huyo amechoka kukaa bure, ameingia msituni na wenye bunduki. Na bado sikuelewa. Nilidhani sheria ni nzuri, ila imefika kwetu vibaya.

Mwezi wa pili mwaka huu, Aline, binti wa Bukavu anayesomea uuguzi hapa, alikuja na kaka yake aliyetaka kunyolewa. Nikiwa namnyoa, Aline akanitazama sana, kisha akatoa karatasi iliyokuwa imegawiwa chuoni kwao.

"Kaka Amani, huyu si ni wewe?"

Alikuwa ni mimi, kwenye kiti hiki hiki, macho mekundu. Chini ya picha kulikuwa na maneno ya Kiingereza. Nikamwomba anisomee kwa Kiswahili. Alisoma polepole: "Kila jiwe mnalonunua lina damu ya baba yangu mdogo. Acheni kununua."

"Endelea," nikamwambia.

"Imeishia hapo, kaka."

Niliacha kichwa cha kaka yake nusu, nikampa mwenzangu mashine, nikapanda Berea kwa miguu. Wafula nilimkuta anafunga vitabu kwenye maboksi. Alikuwa amepata nafasi ya kufundisha Amerika, Susana ndiye aliyemwandikia barua ya kumsifu. Hakuwa ameniaga. Niliweka karatasi juu ya boksi.

"Yako wapi maneno ya baba yangu?"

Aliichukua. "Eish, Amani. Ile sentensi ya mwisho ingewachanganya. Huwezi kumwambia Mwamerika kitu kina damu, halafu umwambie akinunue. Nilitaka wakusikilize."

"Walimsikiliza nani? Ile ya mwisho ndiyo ilikuwa ya kwangu. Ya damu walikuwa wameshasikia kwa wengi."

"Nilikuwa nakusaidia, ndugu yangu."

"Kwenye tasnifu yako umeandika minara, vita, mabenki, na Rais. Baba yangu umemuandika wapi?"

Akainamisha kichwa. "Hayupo," akasema.

Nilitoka. Sikumpiga, Baba, ingawa mikono ilitaka. Nilimpenda mtu yule kama mtoto wa mama yangu, na mpaka leo kiti changu kikikaliwa na Mkenya namwachia mwenzangu amnyoe, jambo ambalo ni dhambi, maana hao wengine hawajanikosea.

Aline alinisaidia kumwandikia Susana, sentensi zote kama nilivyozisema. Alijibu kwa adabu. Alisema anasikitika, kwamba sauti yangu ni muhimu, na kwamba karatasi zimeshagawiwa sana, haziwezi kurudishwa. Sikumwandikia tena.

Basi jina uliloniuliza ni Amani, mwana wako wa kwanza. Wafula alikata maneno, lakini mdomo uliofunguka ulikuwa wangu, na picha nilipigwa kwa hiari yangu. Riziki aliyekosa shule ni dada yangu, na Bahati aliye msituni ni mdogo wangu. Nimekaa miezi minne nikijua haya, nikikupigia simu na kukuuliza habari za mvua. Hilo nimelifanya mimi mwenyewe, hakuna wa kunitafsiria. Nisamehe, ukiweza.

Naomba uwaite watu wako nane na mjane wa Baba Mdogo Safari, uwasomee barua hii. Usitafute njia ya kunificha kwa sababu mimi ni mtoto wako. Wakikasirika wana haki.

Mpe Mama salamu zangu kwanza, yeye peke yake, kabla hujawaita wengine. Msalimu Riziki, mwambie Aline ameahidi kumtumia vitabu vyake vya zamani. Msalimu Shangazi na yule katekista aliyenifundisha kuandika. Bahati akipita nyumbani hata kwa saa moja, mwambie kaka yake anamwomba aiweke chini ile bunduki.

Na wakisema nisikanyage tena mlimani kwetu, Baba, usinilainishie. Niandikie kama walivyosema.

Mimi mwanao niliyekukosea,
Amani