Nafasi Kwenye Bangili

Serwaa mjukuu wangu,

Miezi minane! Hiyo Takoradi ni mbinguni, mtu akiingia hatoki? Mimi nafoka, mchungaji anaandika, na nimemkataza kupunguza ukali.

Vidhahabu vyetu nimempelekea Bediako sonara anitengenezee bangili ya minyororo miwili, kila kidhahabu kibaki kama kilivyo, kikiteleza juu ya minyororo hiyo. Kuna kibanio cha tai cha babu yako na hereni moja ya mama yako. Ile nyingine aliimeza kuku, tukamla kuku na hereni hatukuiona. Bediako akasema, "Nana, tuyeyushe vyote, ing'ae." Nikamjibu, "Yeyusha uone kama sitakuyeyusha wewe!" Akacheka, akavitoboa kimoja kimoja ili minyororo ipite.

Katikati nimekuachia nafasi. Najua unaona haya kwa sababu ndoa imevunjika. Kinywaji cha posa tumeshawarudishia wakwe zako kama desturi itakavyo, yamekwisha. Hapa nani akucheke, na fimbo yangu ninayo? Ile pete ya ndoa usiitupe, dhahabu haijakukosea kitu. Bediako ataigeuza kipande chako.

Jumamosi njoo nayo. Upite mlango wa mbele, mchana, watu wakuone, na uje na njaa.

Nana Afrakoma