Chiriku Haongei Shuleni

Tarehe 9 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko? Mgongo umepata nafuu, au bado unanyanyua masufuria ya hospitali peke yako kama vile wapishi wenzako hawana mikono? Sisi tunaendelea vizuri, isipokuwa masikio yangu, ambayo yameamua kustaafu kabla yangu. Kwenye simu nasikia mvumo tu, naitikia "eeh, eeh" bila kujua ninakubali nini. Bora nikuandikie.

Mwalimu wa Chiriku ameniita shuleni. Ni binti mdogo, miwani mikubwa, anaongea taratibu. Akaniambia, "Bibi, tangu mumlete mjukuu wako hapa mwezi wa kwanza, sijawahi kuisikia sauti yake."

Nikamuuliza, mjukuu gani? Huyu tuliyemwita Chiriku kwa sababu hata usingizini anapiga soga? Nikikaa tu kwenye cherehani, yeye yuko chini ya meza ya kukatia ananieleza habari za paka wa jirani, na kwa nini uzi mweusi unaisha upesi kuliko mwekundu. Nilidhani mwalimu ananitania. Naye akadhani mimi ndiye mwongo.

Anasema muhula ukiisha bila mtoto kusoma hata mstari mmoja kwa sauti, atarudishwa darasa la kwanza, akakae na wadogo. Nimemuuliza Chiriku, "Shuleni huongei?" Akaenda kujifungia chooni mpaka nikamgongea.

Sielewi kitu. Wewe ulizaa watoto wawili ukanificha mmoja?

Mama yako


Tarehe 20 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na masikio yako hayajazidi ukorofi. Mimi sijambo, mgongo unavumilika.

Barua yako nimeisoma mara nyingi na kila mara natoka nikiwa nimechanganyikiwa zaidi. Nikuambie na langu, ambalo nilikuwa nalinyamazia. Chiriku haongei na mimi pia. Unamshikisha simu, nasikia anapumua tu. Nauliza: umekula? Umesoma? Umepata rafiki? Unamtii bibi? Kimya. Nilikuwa nalaumu mtandao.

Kuna mtu anamtisha? Au ni kwa sababu niliondoka? Usinifiche, Mama. Nikiambiwa nirudi nitaacha kazi nirudi, lakini nikifika nitafanya nini, hapo ndipo nakwama.

Kwa sasa mwambie hivi: akisoma mstari mmoja tu mbele ya wenzake, nitamnunulia viatu vile vinavyowaka taa. Anavipenda kufa. Mwambie na mwalimu asimame naye imara kidogo, asimdekeze.

Mwanao


Tarehe 8 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Afya ipo, ila hasira zimenipanda, na nyingine ni zako.

Habari za viatu nilimpa. Macho yakamwaka, halafu yakazimika. Akasema, "Basi, sivitaki." Mwalimu naye nikampelekea ujumbe wako wa kusimama imara. Jumatatu akamwita mbele ya darasa, kitabu mkononi, soma. Chiriku akafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Akajikojolea pale pale, na wenzake wakacheka.

Nilikwenda pale shuleni nikasema maneno ambayo sitayaandika. Nikamchukua mjukuu wangu nikamkalisha nyumbani.

Jumamosi mwalimu akaja kuniomba radhi. Alibisha hodi, mimi na masikio haya, cherehani inanguruma, sikusikia. Nilikuwa nimeinama napindia sketi, na Chiriku yuko chini ya meza anasoma kitabu cha shule, ukurasa baada ya ukurasa, anamgombeza na sungura wa kwenye hadithi. Nilipoinua kichwa nikamwona mwalimu mlangoni, kavua miwani, anafuta machozi. Chiriku alipomwona tu, akanyamaza ghafla.

Tulizungumza uani. Akasema, "Bibi, si kiburi wala ubishi. Hofu inamkaba koo. Anataka kusema, hawezi. Na mimi kwa kumsimamisha mbele ndiyo nimemkaba zaidi." Anataka tusimlazimishe, tusimwahidi zawadi, tusimkodolee macho. Tena ameniomba niende na kushona kwangu, nikakae naye darasani.

Mtoto mmoja, mdomo mmoja, halafu hofu iko upande wa shule tu, nyumbani haipo? Mimi sijawahi kusikia. Lakini Jumatatu nakwenda.

Mama yako


Tarehe 19 Machi

Shikamoo Mama,

Hujambo? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haijatulia. Ile habari ya kujikojolea imenikata maini. Mimi ndiye niliyesema asimame imara. Nilikuwa nakaanga vitunguu siku nilipoisoma, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba nalia.

Lakini Mama, nieleze polepole. Wewe, kwa umri wako, umekaa kwenye dawati? Nani mwanafunzi sasa? Na siku ukiondoka, si ndiyo tutakuwa tumemzoesha vibaya? Mpishi mwenzangu anasema mtoto anachapwa anapona. Mwingine anasema aachwe, atakua. Mimi nawasikiliza wote na sijui nimwamini nani.

Mwanao


Tarehe 24 Aprili

Mwanangu,

Usinune kwa kuchelewa kujibu, nilikuwa masomoni. Hujambo lakini?

Mwanzo mwalimu aliniweka pembeni ya Chiriku, nikishona vifungo. Swali likija, Chiriku ananinong'oneza jibu, mdomo umegusa sikio langu, na mimi nalisema kwa sauti. Darasa lote likazoea. Kosa likawa langu: nilinogewa. Siku moja mwalimu kauliza, mimi nikajibu kabla sijanong'onezwa chochote, na nikakosa! Chiriku alinifinya mpaka leo pana alama. Mwalimu akacheka, halafu kesho yake akakihamisha kiti changu nyuma.

Hapo Chiriku akalazimika kuongeza sauti, maana bibi yake ni kiziwi. Kiti kikaenda nyuma zaidi, kikafika mlangoni, kikatoka nje kabisa chini ya dirisha. Kuna siku alinyamaza tena kutwa nzima, nikaona tumerudi tulikotoka, nikataka kufungasha vifungo vyangu. Mwalimu akasema, "Bibi, tusubiri." Anasubiri yule binti! Mimi ningekuwa nimeshapasuka.

Wiki iliyopita nikiwa nje nasikia, "Nirudishie kifutio changu!" Sauti ni ya Chiriku, kali, anamwambia jirani yake wa dawati. Nikajichoma sindano. Nikachungulia. Mwalimu alikuwa amegeukia ubao anaendelea kuandika, kana kwamba hakuna kilichotokea. Alikwishawaambia watoto wasishangilie. Mgongo wake tu ndio ulikuwa unatetemeka.

Baada ya siku chache Chiriku akasoma mstari wake, amekaa, haangaliwi na mtu. Anabaki darasa la pili. Mimi nimerudi kwenye cherehani, wateja wananinunia.

Mwalimu nilimsimulia habari ya simu, anasema nikuambie: usimuulize maswali. Piga ukiwa kazini, fanya kazi yako, akusikie tu. Mimi nimemwambia huko ni kuchezea vocha. Lakini alivyosema kuhusu kiti nilimbishia pia.

Mama yako


Tarehe 3 Mei

Shikamoo Mama,

Natumaini mko salama. Mimi sijui nikoje.

Nilifanya kama alivyosema mwalimu, na nilijiona mjinga. Wenzangu walipokwenda kupumzika nikaiweka simu kwenye rafu, nikafungua spika. Nikasema tu, "Ni mama, namenya viazi." Nikaendelea kumenya. Kimya. Nilitaka kuuliza kama amekula, nikauma ulimi. Nikamenya viazi vingi hivyo hivyo.

Halafu akasema, "Unamenya kwa kisu kikubwa au kidogo?"

Mama, kiazi kilinidondoka. Nikamwambia kidogo. Akasema wewe, bibi yake, unamenya maganda manene. Akanipa habari za paka, za yule wa kifutio ambaye sasa ni rafiki yake, za mwalimu kuvunja miwani. Akanichosha masikio, na mimi sijawahi kuchoka vizuri namna ile.

Nikashindwa kujizuia. Nikauliza, "Mbona siku zote ulikuwa huongei na mama?"

Akanyamaza. Nikajua nimeharibu. Sikuongeza neno, nikashika kiazi kingine, na kingine. Baada ya muda mrefu akasema taratibu, "Ulikuwa unaniuliza sana. Nilidhani nikikosea hutarudi."

Nilimwambia nitarudi hata akikosea yote. Sijui kama alisikia, maana nilikuwa nalia. Lakini akaendelea kuongea, basi na mimi nikaendelea kumenya. Viazi vya leo viliisha, nikaanza vya kesho, nikiogopa kwamba nikisimama na yeye atasimama. Mkuu wa jiko alipoingia aliniuliza hivi vyote vitaliwa na nani. Nimemwambia sijui.

Mwanao