Bata wa Dada na Maji Yasiyotulia

Alhamisi, jioni. Upepo umelala kidogo, lakini baridi imehamia kwenye mifupa.

Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye paa za mtaa wetu wa Majengo. Nilisimama nyuma ya nyumba na blanketi begani, nikikitazama kibwawa changu, na kwa kitambo sikujua ukungu unaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Vyote vilikuwa rangi moja, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Nilijidanganya kwamba ni ukungu tu, kwamba jua likitoka nitaona chini.

Jua lilitoka. Sikuona kitu.

Mimi ni fundi cherehani, si mchimba mabwawa. Wazo hili nililipata bomani, siku nilipoitwa kupima mapazia ya nyumba ya Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya. Nyuma ya nyumba ile kuna kibwawa kilichozungushiwa mawe, na maji yake ni maangavu, hata ukidondosha sindano utaiona ilipolala. Nilizubaa pale, futi shingoni, mpaka mpishi akaniuliza kama nimekuja kupima mapazia au kupima maji. Masikini, hakujua. Nilikuwa namuwaza Tatu, mke wangu.

Tatu ni mtoto wa Kasanga. Amekulia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na nadhani aliogelea kabla hajatembea. Nilipomleta huku juu Sumbawanga alikuwa akiniambia, tukiwa tumejifunika mablanketi mpaka puani, "Huku kwenu ni upepo na nyasi tu. Macho yangu hayana pa kupumzikia." Basi nikachimba. Nilichimba jioni baada ya kazi, nikavuta mfereji kutoka kijitoni, nikapanga mawe. Siku maji yalipojaa Tatu alikaa ukingoni, akatia miguu, akafumba macho. Wallahi, sijapata kushona nguo iliyompendeza mtu namna ile.

Kisha Dada akaleta bata.

Dada Zuhura ni dada yangu mkubwa, naye ndiye aliyenilea wazazi wetu walipofariki. Alinibeba mgongoni, akanipeleka chuoni nikasome Kurani, akaninunulia mkasi wangu wa kwanza. Nyumba hii ni yangu kwa jina. Kwa amri ni yake. Chumvi, Tatu huomba. Mafuta ya taa, Tatu huomba. Hata kuni za kuotea moto huomba, na baridi hii! Basi Dada alipokiona kibwawa alishika kiuno akasema, "Maji hayawezi kukaa bure kama mwinyi." Kesho yake bata walikuwa ndani, wanachokoa tope kwa midomo, wanapiga mabawa, wananya humo humo. Maji yakawa uji.

Tatu hakusema neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na mshindo wenyewe niliusikia alfajiri moja, lori la Kasanga lilipowashwa. Alisema anakwenda kumwona mamake. Mguu ukiwa tayari juu ya lori, akanigeukia.

"Nitarudi maji yakitulia."

Tangu siku hiyo ni mimi na maji, maji na mimi.

Nilianza na majivu. Yakaelea juu, ikawa uchafu juu ya uchafu. Majirani zetu Wafipa, ambao huzika nyasi ndani ya matuta yao ya duara ili udongo unenepe, wakanishauri nizamishe mafungu ya nyasi kavu, eti zinashika tope. Nikazamisha. Bata wakazifumua, wakajitandikia vitanda. Nikachota maji yote kwa ndoo, nikajaza mengine, mgongo ukakataa kunyooka. Bata walifurahi sana kupata maji mapya. Mwisho nikachukua shabu, ile ile anayotupaka kinyozi akitukata, nikaitwanga, nikaikoroga majini jioni, bata wakiwa wamefungiwa bandani.

Juzi asubuhi, ee Mola, niliona chini.

Niliona alama za jembe langu, nilizozichonga mwenyewe. Niliona jiwe moja jeupe ambalo sikumbuki kuliweka. Mbingu ilikuwa imelala humo pamoja na mawingu yake, nami nikavua viatu, nikatia miguu mbinguni. Baridi ilinipanda mpaka kwenye meno, lakini miguu sikuitoa. Nikamwona Tatu amekaa kando yangu, kanga imekunjwa magotini, miguu yake karibu na yangu. Nikamsikia akinicheka kwamba ziwa la kwao halina baridi ya kishenzi kama hii. Sijui nilikaa pale muda gani. Mteja alibisha hodi mbele ya nyumba mpaka akachoka, akaenda zake.

Ndipo mlango wa banda ukafunguliwa, na bata wakaja wameongozana kama watoto wanaotoka chuoni. Nikainua mkono niwafukuze. Nikamwona Dada amesimama mlangoni, ananitazama. Nikaushusha mkono, nikajifanya nakuna kichwa.

Mtu mzima, ndevu zote hizi, naogopa bata kwa sababu ya mwenye bata.

Sasa ya leo. Mchana alikuja Shabani, dereva wa lori la Kasanga, ananuka dagaa kutoka kofia mpaka viatu. Akaegemea cherehani yangu akasema Tatu anasalimu, na anauliza: je, maji yametulia?

Moyo wangu ulirukaruka. Nikamweleza kila kitu. Majivu, nyasi, ndoo, shabu. Nikamwambia juzi yalitulia kabisa, ila yamechafuka tena, na nafikiri nikitia shabu nyingi zaidi, wiki ijayo hivi, huenda Tatu akakuta maji safi. Shabani alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

"Fundi," akasema, "unanipa habari za kidimbwi? Mkeo kwao wana ziwa zima! Kidimbwi chako atakitakia nini?"

Nilikaa na sindano mkononi. Polepole, kama mtu anayeamshwa, nikaanza kuyasikia upya maneno yale ya alfajiri. Maji yakitulia. Ya nyumbani! Ya jikoni, ya chumvi ya kuomba, ya mume anayekuna kichwa. Nami, bwege wa mabwege, nilikimbilia shabu.

Shabani alisema anaondoka baada ya swala ya alasiri, nimpe jibu. Ningemwambia nini? Nikisema yametulia, ni uongo, na Tatu akija akayakuta yale yale ataondoka moja kwa moja. Nikisema bado, ndiyo basi. Niliogopa, nakiri. Nilimpenda Tatu nikamwogopa Dada, na katikati hapo ndipo mke wangu alipopotelea.

Nikaenda nyuma. Dada alikuwa amekaa juani anapepeta ulezi.

"Dada," nikasema, "bata wako wananichafulia maji."

Hakuinua macho. Ungo uliendelea kucheza mikononi mwake.

"Bata, au mimi?"

Ningeweza kujibu bata. Mlango wa kutorokea alikuwa ameniachia wazi.

"Bata, Dada. Na wewe."

Kisha yakatoka yote, sikuweza tena kuyazuia. Nikamwambia yeye kwangu ni mama, na nitamheshimu hivyo mpaka niingie kaburini, lakini mke wangu hawezi kuomba chumvi nyumbani kwake kama mpita njia. Nikamwambia namtaka Tatu arudi, na akirudi, arudi kwake. Sauti ilinitetemeka kama ya mtoto. Nilisema hivyo hivyo.

Ungo ukasimama. Nikajikaza kungoja kofi, maana Dada amewahi kunizaba nikiwa na ndevu hizi hizi. Hakunizaba. Alijikung'uta vumbi la ulezi, akanipita. Nikasikia bata wakipiga kelele bandani.

Nilikwenda kwenye lori. Nikamwambia Shabani, "Usimwambie Tatu maji yametulia. Mwambie nimesema."

"Umesema nini?"

"Yeye atajua."

Kabla hajaniuliza zaidi, Dada alitokea barabarani, anatembea haraka, ametundika bata wawili mkononi, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Akamkabidhi Shabani.

"Hawa mpelekee wifi yangu," akasema. "Ale na mamake. Na umwambie ni mimi niliyewatuma, si huyu."

Wifi yangu! Tangu tulipooana Dada amemwita Tatu "mgeni". Mgeni ameamka? Mgeni ameshakula? Hata siku moja hajawahi kumwita wifi. Nilitazama tairi la lori kwa makini sana, kama mtu anayetafuta msumari, mpaka macho yangu yakakauka.

Lori likaenda. Nikarudi nyumbani, nikakaa ukingoni mwa kibwawa. Jua lilikuwa linazama, na hata maji yale ya uji yalipata rangi ya dhahabu kidogo. Baada ya muda Dada akaja, akakaa kwenye mawe kando yangu. Hajawahi kukaa pale. Akatia kidole majini, akakitoa upesi.

"Atarudi?"

"Sijui, Dada."

Akageuza uso pembeni. Nilidhani ameghadhibika. Zamani, mimi nikiwa bado nakimbia bila nguo, Dada aliolewa Muze, kule bondeni kuelekea Ziwa Rukwa. Haukupita muda akarudi na sanduku lake, na nyumbani tukaambiana kwamba ndoa imemshinda kwa ukali. Hivyo ndivyo tulivyoambiana, na hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka leo jioni.

"Mimi nilipofunga sanduku langu Muze," alisema, akiyatazama maji, "mama mkwe alisimama mlangoni ananihesabia vyombo. Mume wangu alikuwa barazani. Alinisikia nikilia. Hakusema kitu."

Akainuka, akaenda kuwasha moto.

Nimeandika mpaka hapa na vidole vimekufa ganzi. Tatu sijui kama atarudi. Shabani akipiga honi safari ijayo nitakuwa barabarani, na lori likija bila yeye, nitapanda mimi. Hilo limekwisha.

Lakini jambo jingine halinitoki. Miaka yote hii tumemwita mkali, majirani, jamaa, hata mimi niliyelala mgongoni mwake. Nani kati yetu aliwahi kumuuliza yaliyompata Muze?

Kesho, Inshallah, nitamuuliza.